Meli inayosimama masaa manne katikati ya maji inashusha nini kule chini?

Swali: Shikamoo dokta. Mimi natokea Kilwa, nasoma chuo mwaka wa pili. Mzee wangu ni mvuvi, mwezi uliopita akiwa nje kabisa ya Songo Songo aliona meli nyeupe kubwa, haivui na haina makontena, inasimama masaa matatu manne inashusha kitu kwa waya, inapandisha, inasogea, inasimama tena. Usiku taa zote zinawaka. Huku pwani watu wanasema hao wanatafuta mafuta, wanakuja kuchukua mali yetu. Nikamwambia labda ni utafiti wa bahari akaniuliza, utafiti wa maji? Alafu mwenzake akasema aliona wanapandisha mpaka matope. Matope ya nini? Naomba nielezee ili na mimi nikamuelezee.

Jibu: Marahaba mdogo wangu. Kwanza mfikishie mzee shikamoo yangu, maana kazi kubwa kaifanya yeye, kaiona meli, kaona imesimama muda gani, kaona waya, kaona inasogea na kurudia. Hiyo tayari ni data, na jibu la ishu ya mafuta limo humo humo kwenye aliyoyaona.

Meli ya kutafuta mafuta na gesi kwa sauti haisimami. Ile inavuta nyuma yake nyaya ndefu sana, kilomita kadhaa, mwisho wake kuna maboya, na inapiga mizinga ya hewa kila baada ya sekunde chache usiku na mchana, sauti inashuka inapenya chini ya sakafu ya bahari inarudi, zile nyaya zinasikiliza. Ikisimama tu nyaya zinazama na kujisokota, kwa hiyo inakwenda mwendo ule ule wa pole kwenye mistari mirefu iliyonyooka, na pembeni kuna boti za kuwaondoa wavuvi wasikatize. Mzee angekutana na hiyo asingekwambia imesimama, angekwambia walitufukuza. Ila watu wa kwenu wakishuku mafuta siwashangai hata kidogo, gesi ya Songo Songo iligunduliwa 1974 hapo hapo, na kuanzia 2010 ikapatikana nyingine kule kwenye kina kirefu nje ya Lindi na Mtwara, sasa mtu aliyeyaona hayo kwa macho yake ana sababu ya kuuliza.

Meli inayosimama, ikashusha, ikapandisha, ikasogea maili kadhaa ikarudia kitu kile kile, hiyo karibu kila mara ni meli ya utafiti. Sisi tunaita kituo. Safari nzima inakuwa mstari wa vituo, kimoja karibu na pwani, kingine pale sakafu inapoanza kuporomoka, kingine mbali kwenye mita elfu mbili au tatu, na kila kituo unafanya mambo yale yale kwa mpangilio ule ule ili baadae uweze kulinganisha.

Sasa kile kinachoshuka kwa waya. Cha kwanza kwa kawaida ni fremu ya chuma ya duara, imezungukwa na chupa ndefu 12 au 24 zilizo wazi juu na chini, na katikati kuna vipimo vya joto, chumvi, oksijeni na kina. Tunaiita CTD. Inashuka kama mita moja kwa sekunde, kwa hiyo kwenye maji ya mita 3000 ni dakika 50 kwenda tu, alafu kupanda ni zaidi maana unasimama njiani, unabonyeza kompyuta huku juu na chupa moja inajifunga kule chini ikiwa na maji ya kina kile kile. Kwahiyo masaa matatu manne aliyoyaona mzee ndio hayo, hakuna aliyelala.

Mimi mara ya kwanza kusimama mbele ya kioo na kuona ule mstari wa joto unashuka nilinyamaza kabisa. Juu ni nyuzi 28, maji ya kuogea, unafika mita 1000 ni nyuzi 6 au 7, unafika 3000 unakaribia 2. Hapo upo kwenye bahari yetu, jua linawaka unatoka jasho, na chini ya miguu yako kuna maji ya baridi kama ya friji ambayo yalizama kwenye bahari za kusini karibu na barafu na yakatembea mamia ya miaka kufika hapo. Setilaiti hailioni hilo. Setilaiti inaona ngozi ya bahari, joto la juu, rangi, urefu wa uso wa maji, vizuri sana na kila siku, lakini chini ya hapo lazima ushushe kitu.

Mzee anaweza kusema mikondo tunaijua, kusi na kaskazi tulifundishwa na babu zetu. Na ni kweli wanaijua, nakubali bila ubishi, majahazi yalikwenda Uarabuni na kurudi kwa elimu hiyo kabla hatujazaliwa wote. Ila kuna maswali ambayo jahazi halikuweza kuyajibu kwa sababu jahazi lipo juu. Mkondo unafika kina gani? Unabeba maji kiasi gani? Chini yake kuna mkondo mwingine unaokwenda kinyume?

Kwenu Kilwa mpo pazuri sana kwa maswali haya. Kuna mkondo mkubwa unakuja kutoka mashariki, unavuka bahari yote ya Hindi, unapita kaskazini ya Madagaska na kugonga pwani ya Afrika maeneo ya Rasi Delgado, chini kidogo ya Mtwara. Hapo unagawanyika, maji mengine yanashuka kusini kwenye mlango wa Msumbiji yakizunguka kama vimbunga vya maji, mengine yanapanda kaskazini kupita Mtwara, Kilwa, Mafia, Unguja, Pemba mpaka Kenya. Huu wa kaskazini unakwenda kaskazini mwaka mzima, wakati wa kusi unaweza kupita mita moja kwa sekunde na wakati wa kaskazi unapungua nguvu kwa sababu upepo unausukuma usoni. Alafu mbele yake kule Somalia kuna mkondo wa ajabu kweli, unageuka. Kusi unakwenda kaskazini kwa kasi kubwa, kaskazi unageuka wote unashuka kusini, ukakutana na wa kwetu karibu na mpaka wa Kenya na Somalia na yote mawili yanakunja kwenda mashariki baharini. Mikondo mikubwa ya dunia haina tabia ya kugeuka hivyo, kwa hiyo wanasayansi waliifuata sana.

Kulikuwa na safari kubwa ya mataifa mengi kuanzia 1959 hadi 1965, meli zaidi ya 40 zilipishana kwenye bahari ya Hindi peke yake, maana wakati ule hii ndio ilikuwa bahari iliyojulikana kidogo kuliko zote. Meli ya Uingereza iitwayo Discovery ilikuwa nje ya Somalia 1964 wakati wa kusi, ikapima ule mkondo ukiwa na nguvu zake zote, na wakaona jinsi maji ya baridi yanavyopanda juu kutoka chini karibu na pwani ya Somalia, joto la uso linashuka chini ya nyuzi 20 wakati huku kwetu watu wanaoga. Yale maji ya chini yana mbolea, ndio maana kule kusi ikivuma samaki ni wengi. Kwetu upepo wa kusi hauipandishi mbolea kwa wingi namna hiyo, na kujua kwanini kule ndiyo na kwetu hapana, hilo ni jambo linalogusa sufuria ya kila nyumba ya mvuvi.

Kupima mkondo siku hizi meli inatumia sauti. Chini ya tumbo la meli kuna chombo kinatuma mlio kwenda chini, mlio unagonga vidude vidogo vidogo vinavyoelea majini na kurudi, na kama maji yanakwenda mlio unarudi umebadilika kidogo, kama vile honi ya basi linalopita kasi inavyobadilika sauti likishakupita. Kwa hiyo meli ikitembea tu inachora mkondo wa chini yake, tabaka kwa tabaka. Na ule mlio unatuonyesha kitu kingine ambacho mzee wako anakijua kwa njia yake. Jua likizama kuna wingu zima la viumbe linapanda kutoka mita mia kadhaa kuja juu kula, alfajiri linashuka tena, kila siku ya Mungu, bahari zote. Wakati wa vita vya pili vya dunia wanamaji walipoliona kwenye vipimo walidhani ni sakafu ya bahari, sakafu inayopanda usiku na kushuka mchana! Ni kamba wadogo, ngisi, samaki wadogo wenye taa mwilini. Mvuvi wa dagaa anayewasha karabai giza la mwezi anafanya biashara na tabia hizi hizi za usiku. Ndio maana taa zote zilikuwa zinawaka usiku, meli haina usiku, watu wanapokezana zamu, wengine masaa manne kazini nane kupumzika, wengine kumi na mbili kwa kumi na mbili, na nyavu za planktoni, yaani viumbe vidogo vinavyoelea majini, tunazishusha mchana na usiku sehemu ile ile ili tuone tofauti.

Haya, matope. Hapa naomba unisikilize taratibu maana ndio sehemu niliyoipa maisha yangu.

Mabaharia wa majahazi walikuwa na bildi, ile risasi ya kupimia kina, unatupa unahesabu pima. Mabaharia wengi wa zamani walikuwa wanapaka mafuta mazito chini ya risasi ili ikigusa chini ipande na mchanga au tope kidogo, nahodha akiangalia anajua yupo wapi. Sisi tunafanya kitu kile kile ila badala ya tope la ncha ya kidole tunataka tope la mita tano, mita kumi. Unachukua bomba refu la chuma, ndani lina bomba la plastiki, juu unalifunga uzito kama wa gari dogo, unalishusha kwa waya mpaka karibu na chini alafu unaliachia lijikite lenyewe. Linapandishwa, mnalilaza sitahani, mnatoa lile la plastiki, mnalikata vipande vya mita moja na kila kipande kinaandikwa juu ni wapi na chini ni wapi. Ukikosea hapo umeharibu kila kitu, yaani umegeuza historia miguu juu. Baadae maabara kinapasuliwa kwa urefu, nusu inafanyiwa kazi nusu inatunzwa kwenye baridi bila kuguswa ili mtu mwingine miaka thelathini ijayo aje na kipimo ambacho leo hakipo.

Kwanini tope? Kwa sababu kila siku kuna vumbi linanyesha kule chini. Maganda ya viumbe vidogo sana vilivyokufa, udongo uliotoka mito, majivu, vumbi la jangwani. Mbali na pwani linajikusanya polepole mno, sentimita chache kwa miaka elfu moja, karibu na mdomo wa mto mkubwa linajikusanya haraka zaidi. La chini ni la zamani, la juu ni la juzi. Vile viganda vidogo vya chokaa, vya viumbe viitwavyo foraminifera, vikikuzwa kwenye darubini vinafanana na kashata iliyovimba au konokono, na vilivyojengwa kwenye maji ya joto vina kemia tofauti na vya maji ya baridi, kwa hiyo ukipima ganda unapata joto la bahari la siku kiumbe kile kilipokuwa hai. Umri tunaupata kwa kaboni kwenye yale maganda, mpaka miaka kama elfu 50 nyuma, ukitaka zaidi ya hapo kuna njia nyingine.

Meli ya Ujerumani iitwayo Meteor ilichukua matope nje ya Tanzania mwaka 2008, pamoja na maeneo yanayopokea udongo wa Rufiji. Ukiushika udongo wa Rufiji umeshika mvua. Miaka mvua ikinyesha sana bara mto unaleta udongo mwingi, miaka ya ukame unaleta kidogo, kwa hiyo kwenye bomba moja una habari za mvua za nchi nzima ya ndani kabla mtu yeyote hajaandika chochote. Zamani zaidi, 1972, meli ya kuchimba iitwayo Glomar Challenger ilitoboa sakafu ya bahari nje ya Kenya ikatoa mashapo ya mamilioni ya miaka.

Na kuna hii ambayo mwambie mzee najua ataipenda. Miaka kama elfu 20 iliyopita maji mengi ya dunia yalikuwa yamekaa barafu kwenye mabara ya kaskazini, bahari ilikuwa chini kama mita 120 kuliko leo. Sasa chukua ramani ya vina ya pwani yetu. Mlango kati ya Unguja na bara hauna kina hicho, kwa hiyo Unguja ilikuwa imeungana na bara, unatembea kwa miguu. Mafia hivyo hivyo. Pemba hapana, mlango wa Pemba una kina cha mita mia kadhaa, Pemba imekuwa kisiwa muda wote huo. Na Rufiji wakati huo mdomo wake ulikuwa mbali zaidi nje, karibu na pale sakafu inapoporomoka, ukimwaga udongo karibu moja kwa moja kwenye kina kirefu, bahari ilipopanda mdomo ukarudi nyuma na tope likaanza kubaki karibu na pwani. Hayo yote yanasomeka kwenye bomba.

Watu wameshusha vitu kwenye bahari yetu muda mrefu. Safari ya Wajerumani na meli Valdivia, 1898 hadi 1899, ilipita Dar es Salaam ikitokea Shelisheli, na ndio safari iliyomtoa kwenye kina yule kiumbe kama pweza mweusi mwenye utando kati ya mikono ambaye hakuwa anajulikana na sayansi. Alafu 1933 na 1934 kuna meli ya Misri, Mabahith, nahodha na viongozi Waingereza lakini mabaharia Wamisri na wanasayansi Wamisri wawili ndani yake, ilifika Mombasa na Zanzibar, na nje ya Omani walishusha nyavu kwenye kina fulani zikarudi bila kiumbe hai hata mmoja. Leo tunajua kwanini, kule kuna tabaka nene la maji yenye oksijeni kidogo mno. Kwa ndugu zetu walioko Maskati hii si habari ya zamani, tabaka lile bado lipo na linafuatiliwa sana. Na huku kwetu Dr. Fridtjof Nansen, meli ya Norway na FAO inayopeperusha bendera ya Umoja wa Mataifa, imekuja kuhesabu samaki tangu miaka ya 1980, ile ya sasa ni ya tatu kwa jina hilo, ilianza kazi 2017. Kenya wana meli yao Mtafiti, zamani ilikuwa ya Ubelgiji.

Ila si kila kitu kinagunduliwa na meli. Samaki silikanti, ambaye dunia iliamini alishapotea mamilioni ya miaka hadi 1938 alipoonekana Afrika Kusini, kwa Tanga alianza kuletwa na wavuvi wa kawaida mwanzoni mwa miaka ya 2000, wameshusha jarife kina kirefu wakapandisha dude la magamba makubwa wasilolijua. Kutokana na wavuvi hao leo Tanga ina hifadhi ya bahari kwa ajili yake. Kwahiyo mzee asijione yupo nje ya hii kazi.

Sasa lile la kuchukua mali yetu. Sheria ya bahari ya Umoja wa Mataifa ya 1982 inasema ndani ya maili 200 za baharini meli ya utafiti ya nchi nyingine lazima iombe ruhusa ya nchi yenye pwani, taarifa zitumwe miezi sita kabla, na nchi hiyo ina haki ya kuweka watu wake ndani ya meli, na kupata data na sampuli. Kwetu kibali cha utafiti kinapita COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia. Kwa hiyo ukiona meli ipo pale, mara nyingi kuna Mtanzania ndani. Lakini haki iliyoandikwa na haki iliyotumika ni vitu viwili, hili nakwambia kwa uchungu. Nimewahi kupanda safari moja, jina la meli naliacha, nikapewa kitanda kizuri na chakula kizuri na kazi ya kushika daftari, mabomba yalipofika bandarini yakapakiwa kwenye kontena la baridi yakaenda, nakala ya data nilikuja kuipata baada ya barua nyingi na miaka miwili na nusu. Hawakuiba, walikuwa na kibali. Sisi ndio tulipanda bila swali letu wenyewe, bila kuandika kwenye mkataba kwamba nusu ile ya kutunzwa ibaki hapa, bila hata friji ya kuiweka. Safari niliyopanda baada ya hapo tulikwenda wanne, tumeshakubaliana kabla ni vituo vipi vinatuhusu, na diski yenye data nilishuka nayo mkononi bandarini siku ile ile.

Kitu kingine cha kumwambia mzee. Kuna maboya membamba ya manjano au meusi, urefu kama wa mtu, na antena juu. Hayo yanaachwa yaelee yenyewe, yapo kama elfu nne dunia nzima, yanakaa mita 1000 chini yakibebwa na mkondo, kila siku kumi yanashuka 2000 alafu yanapanda juu yakipima njia nzima na kutuma habari kwa setilaiti. Akilikuta limenasa kwenye wavu au limekwama ufukweni asilipasue, ndani kuna betri kali na linaweza kumuumiza. Achukue namba iliyoandikwa, apige picha, na apeleke ofisi ya uvuvi au chuo cha bahari.

Na wewe, kama umevutiwa, anza na kuogelea, hesabu na takwimu, na ujizoeze kuandika kila kitu kwenye daftari muda ule ule kilipotokea. Kulewa bahari kusikutishe, karibu wote tunalewa siku mbili za mwanzo, kula vitu vikavu na uangalie upeo wa macho.

Kabla ya yote lakini kaa na mzee umuulize haya: ilikuwa tarehe ngapi, ubavuni pameandikwa nini kama alisoma, alikuwa anaona alama gani za nchi kavu alipokuwa pale, na siku ile maji yalikuwa yanavuta kwenda wapi. Hizo tatu za kwanza nitumie, nitaitafuta safari ile ni ya nani na nani wa kwetu alikuwa ndani. Hiyo ya nne niandikie kwa maneno yake mwenyewe kama atakavyoyasema, nataka niiweke pembeni ya mchoro wa mkondo wa siku hiyo nione.